Marehemu alikufa kwa maradhi gani?

JE, wajua babu yako alifariki kwa maradhi gani, na akiwa na umri gani? Wengi wetu twajua tu yale yaliyosomwa siku ya mazishi: kwamba marehemu aliaga dunia ghafla, au baada ya kuugua kwa muda mfupi. Matanga yakishaanuliwa, habari huishia hapo. Na iwapo baba alikufa akiwa na miaka 42, kisha ndugu yake akamfuata akiwa amejishika kifua vivyo hivyo, watu huanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Huenda chanzo kimo ndani ya damu ya ukoo wenyewe. Yako maradhi ya kurithi ambayo huifanya damu kujaa mafuta yaitwayo kolesteroli tangu mtu anapozaliwa. Moyo wenyewe hulishwa na mishipa midogo inayouzunguka. Mafuta yakizidi, hujibandika kwenye kuta za mishipa hiyo mwaka baada ya mwaka, mpaka njia ikawa nyembamba na damu ikapita kwa shida. Siku damu ikigandia hapo na kuziba njia, sehemu ya moyo hukosa damu na kuanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Kwa kawaida, ini ndilo huondoa mafuta hayo. Seli zake zina vipokezi, mfano wa kulabu, vinavyoyanasa yakipita katika damu. Aliyerithi jeni yenye kasoro ana kulabu chache, au alizo nazo hazifanyi kazi sawasawa. Wataalamu wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliofumbua siri hiyo katika miaka ya 1970, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1985.

Usidhani haya ni maradhi ya nadra. Humpata takriban mtu 1 kati ya kila 300 duniani. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto, awe wa kiume au wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyarithi. Wala usidanganywe na wembamba. Mtu anaweza kuwa mkakamavu, asiyegusa nyama choma wala sigara, na bado damu yake ikawa imejaa mafuta.

Wengi hawaoni dalili yoyote. Wachache huota vinundu kwenye kano za nyuma ya kisigino au juu ya viungo vya vidole vya mikono.

Ufanye nini basi? Kwanza, waulize wazee. Ikiwa baba au ndugu yako wa kiume alipata maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada yako kabla ya miaka 65, mweleze daktari. Pili, omba kupimwa mafuta katika damu. Kupimwa shinikizo la damu na sukari pekee hakutoshi. Kwa mtu mzima, kolesteroli mbaya ikifika milimoli 4.9 kwa lita au kuzidi, daktari ana sababu ya kushuku maradhi haya. Tatu, akipatikana mmoja, ndugu zake na watoto wake nao wapimwe, hata walio chini ya miaka 10.

Ukipatikana nayo, usikate tamaa. Dawa ziitwazo statini, ambazo zilianza kuuzwa mwaka wa 1987, hulisaidia ini kuongeza kulabu zake. Hunywewa kila siku, maisha yote, na mama anayetarajia kupata mimba ashauriane na daktari kwanza. Mazoezi, chakula kisicho na mafuta mengi na kuepuka sigara husaidia pia, lakini kwa maradhi haya havitoshi bila dawa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeumbuliwa si marehemu tena, bali ni watoto aliowaacha. Kwa hivyo, jamaa watakapokutana Krismasi au Idi, mketishe shangazi kando umuulize kwa heshima: wale waliotutangulia, walikufa kwa nini? Kisha andika majibu yake daftarini, na siku ya kwenda kliniki ulibebe daftari hilo.