Mji Hauishi kwa Barabara Peke Yake

Miji midogo ya shamba inapofifia, dawa itajwayo kwanza aghalabu ni barabara. Karatu ni mfano unaosifiwa: magari ya watalii yaendayo Ngorongoro hupita hapo, na lami imeuneemesha mji kwa hoteli na maduka. Lakini riziki ipitayo njiani yaweza kukatika njiani. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, watalii waliokuwa wakitokea Nairobi walipungua mno. Haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mwaka 2020, kwa ajili ya UVIKO-19, watalii walioingia Tanzania walikuwa kama 620,000 tu, ilhali mwaka 2019 walizidi milioni 1.5.

Funzo kubwa zaidi liko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Baina ya karne ya 15 na ya 18, wakulima wa hapo walimwagilia kwa mifereji ya mawe mashamba yapatayo kilomita za mraba 20. Kisha makazi yale yakahamwa. Wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu, ila kupungua kwa maji ya mito ni miongoni mwa zitajwazo.

Karatu nayo hutegemea maji ya milima ileile. Misitu ya miteremko ya Ngorongoro na Oldeani hunasa mvua na ukungu. Maji hupenya katika miamba ya volkano na kutokeza chini kama chemchemi, mathalani zile za Mang'ola zinazostawisha vitunguu. Msitu ukifyekwa, maji hukimbia juu ya ardhi, yakichimba makorongo na kuchukua udongo.

Kwa hiyo yafaa sehemu ya fedha za utalii ilinde misitu, ijenge matuta, na kuanzisha maghala na viwanda vidogo vya kusindika kahawa, mbaazi na vitunguu, ili kijana wa Rhotia au Endabash apate kazi isiyomngoja msafiri. Ni kweli kwamba faida ya matuta huchelewa kuliko ya hoteli. Lakini ndiyo idumuyo mgeni asipokuja.

Shule za sekondari zaweza kuanza sasa. Kipimo cha mvua uwanjani na vigingi kandokando ya korongo, vikisomwa na kuandikwa kila juma, vitawaonyesha wanafunzi kama ardhi inayoulisha mji wao inabaki au inaondoka.