Msanifu wa Mifumo na Akanyage Mchanga wa Goziba

Ni miaka kadhaa sasa tangu Serikali yetu ianze kuzihamisha kazi zake kutoka katika madaftari na kuzitia katika kompyuta. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10, iliyounda Mamlaka ya kuisimamia kazi hiyo. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini safari hiyo yahitaji mtu wa kuipanga, na ni juu ya mtu huyo tunataka kusema leo.

Wataalamu humwita msanifu wa mifumo ya taasisi. Kazi yake hasa si kutengeneza kompyuta wala kuandika programu, bali ni kuzitazama idara zote kama chombo kimoja. Ugeni wa jina usitutishe. Fundi wa mitumbwi, kabla hajagongelea ubao wa kwanza, hujua mkuku utalala wapi, mashine itafungwa wapi na mzigo wa dagaa utakaa wapi. Mbao nzuri zisizopatana huvuja.

Hebu tumtazame mvuvi wa Goziba. Chombo chake ni kimoja. Lakini Sheria ya Uvuvi ya 2003 yamtaka awe na leseni. Usalama wa vyombo vya majini umo mikononi mwa Shirika la Uwakala wa Meli, lililoundwa kwa sheria ya 2017. Na Halmashauri ya Muleba nayo ina ushuru wake. Ikiwa kila ofisi ina mfumo wake usiosemezana na mwingine, mvuvi ndiye anayegeuzwa tarishi, akilibeba jina lile lile kutoka meza hii hadi meza ile, na baina ya meza hizo kuna ziwa.

Sisi wa Kagera tunajua gharama ya kumbukumbu isiyolingana na chombo. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na hesabu kamili ya ndugu zetu waliopotea haijajulikana hata leo. Orodha peke yake isingeiokoa meli ile, lakini ingewapa wafiwa haki ya kujua.

Je, msanifu awe mtu wa namna gani? Wapo watakaosema kwamba shahada yatosha. Hatuibezi elimu. Lakini elimu isiyo na sikio ni hasara. Kwanza, na awe msikilizaji, amwulize karani wa mwalo na mchuuzi wa dagaa kabla ya kuchora chochote. Pili, na aweze kulieleza jambo gumu kwa Kiswahili chepesi, kwa mkurugenzi na kwa mvuvi vilevile. Tatu, na awe na ujasiri wa kumwambia mkubwa wake kwamba mfumo mpya hauhitajiki endapo wa zamani waweza kuunganishwa. Nne, na akumbuke kwamba mtandao hukatika, hivyo aache njia ya kufanya kazi siku hiyo.

Tunawaomba viongozi wanaohusika wasiupitishe mfumo wowote wa kuwahudumia wana visiwa mpaka aliyeusanifu awe amepanda mtumbwi, akavuka, akashinda kutwa mwaloni. Atakayerudi na viatu vilivyolowa atakuwa amejifunza jambo.