Uzazi wa mpango na geti la shule

Niko TP huku Kilosa. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7, basi kila mtu anabishania vidonge na vijiti. Magufuli alipovikataa hadharani 2018 kelele zilikuwa kibao. Kwangu mimi uamuzi mzito zaidi ni ule wa Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi shule. Binti wa miaka 16 wa Mikumi, mji wa malori na gesti, ukimfungia geti atafanya nini? Ataolewa, wa pili huyo anakuja, na mwili wenyewe bado mdogo. Lakini jamani, akirudi kidato cha tatu, mtoto anabaki na nani? Bibi yuko shamba tangu alfajiri. Bajeti ya uzazi wa mpango ingemlipa yaya kwanza.