Blanketi la Kilimanjaro: Mlima unaofumwa na mzazi na mtoto

Baridi ya Juni na Julai inapoingia Moshi, mlima hujificha nyuma ya mawingu siku kadhaa mfululizo. Watoto hurudi kutoka shule wamejikunyata, na jioni kila mmoja anagombania shuka. Ndiyo miezi ambayo mfuko wa nyuzi huteremshwa kutoka juu ya kabati.

Safari hii mzazi anaweza kuacha sweta kidogo, akafuma blanketi nene lenye rangi za mlima wenyewe, kuanzia tambarare hadi kileleni. Kazi si ngumu. Na ikifanywa na mtoto, inazaa mazungumzo ambayo televisheni haiwezi kuyazaa.

Uzi na sindano

Uzi mnene wa dukani una bei, na si kila mji unapatikana. Njia rahisi ni kushika nyuzi tatu au nne za kawaida za sweta kwa pamoja na kuzifuma kama uzi mmoja. Hata masalia ya sweta za zamani yanafaa, mradi nyuzi zinazoshikwa pamoja zilingane unene.

Sindano nyembamba za spoku za baiskeli hazifai hapa. Zinatakiwa sindano za unene wa milimita 10 au zaidi. Fundi seremala anaweza kuzichonga kwa mti mgumu, akazipiga msasa hadi zisishike uzi.

Kabla ya kuanza, afumwe kipande kidogo cha kupimia chenye vitanzi 10. Kikitoa upana wa sentimita 10, blanketi la sentimita 80 litahitaji vitanzi 80. Kikitoa sentimita 11, vitanzi 73 vinatosha. Hesabu hiyo apewe mtoto wa darasa la tano, naye atajua kugawanya kuna kazi gani.

Mtindo uwe ule rahisi kabisa, ambao kila mstari unafumwa sawa na uliotangulia. Haujikunji pembeni, na mtoto wa miaka minane au tisa anaweza kuushika baada ya jioni chache.

Sentimita moja, mita hamsini

Hapa ndipo blanketi linapogeuka kuwa mlima. Kila sentimita moja ihesabiwe kuwa mita 50 za kupanda, kuanzia mita 800 juu ya usawa wa bahari hadi kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Mtoto akishika futi ya fundi cherehani, mama akishika sindano, kazi inakwenda hivi:

Mashamba, hadi mita 1,800: sentimita 20. Rangi ya udongo, kisha kijani cha migomba na kahawa ya vihambani.

Msitu, hadi mita 2,800: sentimita 20. Kijani kilichokolea. Huku ndiko mvua inakonyesha zaidi na maji ya mifereji yanakotoka.

Vichaka na nyasi, hadi mita 4,000: sentimita 24. Kijani cha manjano kinachoelekea kahawia.

Jangwa la mlimani, hadi mita 5,000: sentimita 20. Kijivu cha mawe na vumbi.

Kilele: sentimita 18.

Jumla ni sentimita 102, urefu unaotosha kumfunika mtoto miguu akiwa amekaa kwenye kochi. Mipaka hii ni ya makadirio, kwa kuwa mlimani hakuna mstari uliochorwa. Hivyo rangi mbili zikiingiliana kwa mistari miwili mitatu, si kosa.

Swali la kileleni

Watoto wengi wakifika sentimita zile 18 za mwisho hushika uzi mweupe bila kuuliza. Hapo mzazi asiharakishe. Kama bibi yupo nyumbani, aulizwe mlima ulionekanaje alipokuwa msichana. Kisha mtoto aulizwe anauona vipi leo, asubuhi mawingu yanapofunguka.

Majibu hayatafanana. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika eneo la takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 iliyobaki ilikuwa chini ya kilomita za mraba 2. Theluji mpya bado hukifanya kilele kuwa cheupe baada ya mvua, lakini huyeyuka. Barafu ya kudumu ndiyo inayopungua, na wataalamu wanahusisha jambo hilo na mabadiliko ya tabianchi: hewa kavu zaidi, theluji kidogo na joto linaloongezeka.

Kwa kipimo cha blanketi, ikiwa sentimita 18 nyeupe ni barafu ya mwaka 1912, ya leo haifiki hata sentimita 3. Zilizobaki ni kijivu.

Mtoto atauliza, "Mama, mbona nyeupe ni kidogo hivi?" Swali hilo lisizimwe kwa kumwambia afume tu. Lisijibiwe pia kwa kumtisha kwamba mlima unakufa. Ajibiwe ukweli kwa kadiri ya umri wake, kisha aonyeshwe mita zile za kijani kilichokolea na kuambiwa kwamba msitu bado upo, unahitaji watu wa kuutunza, na yeye ni mmoja wao.

Halafu aachiwe aamue mwenyewe. Wapo watakaofuma nyeupe yote, kwa heshima ya mlima wa bibi. Wapo watakaofuma sentimita 3, kwa kuwa ndizo wanazoziona. Yote mawili ni sahihi, ilimradi mtoto aweze kueleza sababu.

Kufuma na kufumua

Kitanzi kitaanguka, na mtoto atataka kulia. Mzazi asimnyang'anye sindano akamalizia mwenyewe usiku. Wakae pamoja wafumue hadi penye kosa, waanze tena. Uzi hauharibiki kwa kufumuliwa, na mtoto anayeliona hilo kwa macho yake hujifunza kwamba kosa lina njia ya kurudi nyuma. Akiona pia mama anafumua mistari yake minne bila kugomba, amepata somo kubwa zaidi.

Usalama kwanza

Blanketi hili si la kitanda cha mtoto mchanga. Madaktari wa watoto hushauri mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe na blanketi lililo huru, kwa kuwa linaweza kumfunika pua na mdomo. Kwa wakubwa kidogo, ncha zote zifichwe ndani ya mfumo, na vitanzi visiachwe vilegevu hadi vidole vikanasa.

Nyuzi nyingi za sweta madukani ni za plastiki na huyeyuka kwa moto, kwa hiyo blanketi likae mbali na jiko la mkaa. Likifuliwa litakuwa zito sana. Lisinyongwe wala kuanikwa kwenye kamba, litanyooka. Likamuliwe kwa kubinywa ndani ya taulo, kisha litandazwe kwenye mkeka.

Likikauka, mwenye kulifuma ndiye ajifunike kwanza. Mgeni akiuliza kwa nini kilele kina rangi hiyo, mama anyamaze. Aache mtoto ajibu.