Utaratibu Gani Huo Unaovunjika?

Mwezi uliopita tuliitwa semina, watu kama thelathini chini ya turubai: wawakilishi wa zoni, walimu, mama wawili watatu wa vikundi. Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa tena, na mwezeshaji alikuja kutueleza sababu. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Akasema: "Ndugu zangu, mtuelewe. Utaratibu wa dunia umevunjika. Zamani mataifa yalikuwa yanaheshimu sheria. Siku hizi ni vurugu kila mahali, na fedha hazipo." Tukapiga makofi, maana tumezoea kupiga makofi. Tukapewa soda, tukatawanyika.

Njiani papa mmoja wa zoni yetu, mtu wa Fizi kama mimi, alicheka mpaka akakohoa. "Acha ivunjike tu," akasema. "Haikukuwaka ya kwetu."

Maneno hayo mawili yamenikosesha usingizi. Naandika ili nibishane na wote wawili, na naanza na mwezeshaji.

Ndugu yangu, "zamani" ipi hiyo? Kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa 14 yalikaa mezani Berlin kuzungumza habari za Afrika, na Mwafrika hakuwemo hata mmoja. Hiyo haikuwa fujo. Kulikuwa na ajenda, kumbukumbu za vikao na sahihi. Hati yao iliahidi hata kuwalinda wenyeji na kuboresha maisha yao. Katika msimu huohuo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akatambuliwa kuwa mwenye Kongo. Kilichofuata ni utomvu wa mpira, viboko na mikono iliyokatwa, hadi mwaka 1908 alipolazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji. Kwa mwanamke aliyefungwa mateka ili mume wake alete mpira, hiyo ilikuwa vurugu. Kwa wale wa mezani, ndio ulikuwa utaratibu wenyewe.

Njoo karibu zaidi, hapahapa Kigoma. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji liliwafukuza Wajerumani hapa, kisha likaendelea hadi Tabora. Lakini askari waliotembea kwa miguu, na wapagazi waliobeba masanduku, walikuwa watu wa Kongo. Babu zetu walifika Kigoma kabla yetu, na hakuna aliyewadai karatasi. Vita vilipokwisha, wakubwa walikaa tena wakagawana: Tanganyika kwa Mwingereza, Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji. Shirikisho la Mataifa likaibariki kazi hiyo na kuiita amana. Mwaka 1921 Wabelgiji wakaondoka Kigoma. Mipaka ambayo leo tunaulizwa kwa nini tuliivuka ilichorwa namna hiyo, nasi hatukuulizwa.

Utasema huo ni ukoloni, na kwamba utaratibu unaoulilia ni ule wa 1945. Haya. Juni 1945 nchi 50 zilitia sahihi Mkataba wa Umoja wa Mataifa kule San Francisco. Kutoka Afrika zilikuwa nne: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini iliyotawaliwa na Wazungu wachache. Kongo haikuwa na kiti. Agosti bomu likaangushwa Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Mawe yetu yalikaribishwa kabla yetu.

Tarehe 21 Aprili 1994, watu wakichinjwa Rwanda, Baraza la Usalama lilikutana, likajadili, likapiga kura: walinda amani wapunguzwe hadi 270. Hakuna kanuni iliyovunjwa siku ile. Mikono iliinuliwa kwa utaratibu kabisa. Moto ule ulivuka mpaka, na mwaka 1996 ukatufikia Kivu. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka boti iliyojaa, magodoro yaliyolowa, na mama akinibana mdomo nisilie ziwani usiku.

Ndiyo maana nikisikia kwamba utaratibu ulikuwepo na sasa umevunjika, nauliza ulikuwepo kwa nani. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, redio zote zilisema dunia ya baada ya 1945 imekufa. Uvamizi ule ni uovu, na nawahurumia waliokimbia, maana najua kukimbia. Lakini mwaka 1998, majeshi ya nchi jirani yalipoingia Kongo, sikumsikia mtu akitangaza kifo cha dunia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Tena nawaomba watu wa mashirika mtuachie ile methali ya tembo na nyasi. Mnaipenda sana kwenye ripoti. Nyasi hazina mdomo wala kumbukumbu. Sisi tunavyo vyote viwili.

Sasa nakugeukia wewe, papa yangu. Usidhani nimemaliza kwa kukupigia makofi.

Unasema acha ivunjike. Ikivunjika, nani ataangukiwa kwanza? Mwenye ndege za vita haombi sheria imlinde. Tajiri ana pasipoti tatu. Mimi na wewe tuna karatasi moja yenye picha na alama ya kidole, na nguvu yake yote inatoka kwenye huohuo utaratibu unaoucheka.

Karatasi hiyo ina historia. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 uliandikwa kwa ajili ya watu waliokimbia kwa sababu ya mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi iliweza kuamua kwamba ni mambo ya Ulaya tu. Kwa maandishi yale, mimi si mkimbizi. Mama si mkimbizi. Mwaka 1967 ikaja Itifaki iliyoondoa ile tarehe. Halafu, tarehe 10 Septemba 1969, wakuu wa nchi za Afrika wakakutana Addis Ababa wakaandika mkataba wao wenyewe. Walisema mkimbizi ni pia mtu aliyekimbia uvamizi, kukaliwa na jeshi la nje, kutawaliwa na wageni, au matukio yaliyovuruga vibaya utaratibu wa umma katika nchi yake, yote au sehemu yake.

Soma hapo mara mbili, papa. Vurugu iliandikwa ndani ya sheria na watu waliokuwa wameionja. Hawakumdai mama athibitishe kwamba kuna mtu alimwinda yeye kwa jina lake. Ilitosha kwamba nchi ilikuwa inawaka. Waliongeza kwamba kumpokea mkimbizi si tendo la uadui dhidi ya nchi anakotoka, na kwamba nchi iliyolemewa isaidiwe kubeba na wenzake. Nchi hizo zilikuwa maskini, nyingi hazikuwa zimefikisha hata miaka kumi ya uhuru. Katika nyumba iliyojengwa na wengine, walijenga chumba kimoja kwa mikono yao, na ndimo tunamolala. Ukishangilia nyumba ianguke, kumbuka uko ndani.

Utaniambia sheria hizo ni maneno matupu. Sikatai kwamba ni dhaifu na zinachelewa. Kongo iliishtaki Uganda The Hague mwaka 1999. Hukumu ikatoka 2005, kwamba Uganda ilivunja sheria. Fidia ikapangwa Februari 2022: dola milioni 325. Ni miaka 23, na waliochomewa nyumba wengi wameshakufa. Lakini nieleze, bila mahakama ile, nani angeandika kwamba tulionewa? Yule aliyetuonea?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sitaulilia utaratibu ambao uliniweka nje ya mlango, wala sitacheza ngoma unapobomoka. Nataka ule unaotajwa kwenye karatasi, utimizwe kwa wote, na nataka kuwa mezani unapojadiliwa.

Ndugu mwezeshaji, ukirudi, usituambie kwamba dunia imevurugika, kana kwamba unatangaza hali ya hewa. Unga haupungui kama mvua inavyopungua. Kuna watu walikaa kikao, wakaangalia tarakimu, wakachagua. Tuambie ni kikao gani, kilikaa lini, waliamua nini, na nani alikuwepo wa kusema kwa niaba yetu. Kama hujui, sema hujui, nasi tutaandika barua pamoja nawe kuuliza. Hiyo ndiyo heshima.

Nawe papa, njoo darasani kwangu jioni. Nimekitafsiri kile kifungu cha 1969 kwa Kiswahili cha kawaida, nimekiandika kwa kalamu nene, nimekibandika karibu na ubao. Watoto wa darasa la sita wanakijua kwa kichwa. Semina ijayo wawili kati yao wanataka kuja kuuliza maswali, na nimewaahidi kwamba tutauliza kabla ya soda.