Taa za Darajani



Mara kwa mara twasikia shauri la watu kuchanga fedha ili kulipamba daraja mashuhuri kwa taa. Sisi wa Murusagamba hatuwezi kulisikia shauri hili bila kulikumbuka daraja la Rusumo, lililo katika wilaya yetu ya Ngara. Twaona si vema kulicheka, wala si vema kulikubali mbiombio.

Daraja lile si mahali pa kupita tu. Tarehe 28 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walianza kuvuka kutoka Rwanda, wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Daraja la wakati ule lilikuwa la njia moja ya gari, na chini yake mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti. Daraja jipya, lenye urefu wa mita 80, lilijengwa kwa msaada wa Japani, likafunguliwa rasmi mwaka 2016 na Marais wa nchi zote mbili. Karibu nalo maporomoko yazungusha mitambo ya umeme wa megawati 80, nao hugawanywa sawasawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Basi umeme hauko mbali. Neno kubwa ni nani atakayezitunza taa.

Atakaye mfano na autazame mji wa San Francisco, Marekani. Fedha zilitoka kwa wafadhili, si kwa kodi, na Machi 2013 taa ndogo 25,000 ziliwashwa juu ya daraja la huko, kazi ya msanii Leo Villareal. Zilipendeza mno. Lakini upepo, chumvi ya bahari na mtikisiko wa magari viliziharibu, hata gharama ya kuzitengeneza ikawashinda. Machi 2023 zikazimwa, ikawa lazima kuanza tena kuomba michango.

Sisi makarani twaijua sababu, maana kazi yetu ni hesabu. Siku ya kuwasha watu hutoa kwa furaha. Siku ya kubadili taa iliyokufa hapana atoaye. Kwa hiyo shauri la namna hii likiletwa kwetu, kwanza idhini itafutwe kwa Serikali zote mbili, kwa kuwa daraja ni la mpakani. Kisha fedha za matunzo zichangwe pamoja na zile za kununulia, ziwekwe katika kitabu chao, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Na taa zenyewe je? Rangi za kuchezacheza hazipatani na mto uliobeba wafu. Taa nyeupe, tulivu, zatosha: zimwonyeshe msafiri njia, na zimkumbushe aliyefiwa kwamba wake hawakusahauliwa.

Tafakarini, ndugu, kabla hamjatia mkono mfukoni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na taa vilevile.