Usiling'arishe Gitaa la Babu!

Mpenzi msomaji, je, kwenu kuna gitaa kuukuu lililosahauliwa juu ya kabati? Kabla hujampelekea fundi, hebu sikiza yaliyonipata.

Marehemu babu yangu aliacha gitaa la mahogani, limekolea weusi kwa moshi na jasho. Kwa ujana wangu nikampa fundi wa fanicha alipige msasa na vanishi. Lo! Lilirudi liking'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nilipogusa nyuzi, sauti ilikuwa kama ya debe lililojaa mchanga. Ubao wa mbele ndio hutetemeka na kutoa sauti, na ile vanishi nzito ilikuwa imeuziba pumzi.

Tangu siku hiyo nimewaelewa wanaokusanya magitaa haya. Magitaa mengi huwekwa uso wa sprusi, mti mweupe wa nchi za baridi. Lakini mwaka wa 1922, kampuni ya Martin ya Nazareth, Pennsylvania, nchini Marekani, ilitoa gitaa la 2-17, mahogani hata usoni, lenye nyuzi za chuma. Lilikuwa la bei nafuu, la mwananchi wa kawaida. Leo magitaa ya aina hiyo yanasakwa kwa sauti yake ya upole, isiyo na makeke. Na mahogani yenyewe si ya kuchezea: tangu mwaka wa 2003, mbao za mahogani ya Amerika ya Kati na Kusini haziuzwi nje bila kibali cha mkataba wa CITES.

Ukitaka kununua, chungulia ndani ya tundu. Martin wamekuwa wakipiga nambari magitaa yao tangu 1898, na nambari hiyo hukufichulia umri. Tazama shingo pia. Nyuzi zikiwa zimeinuka mno, huenda shingo imevutika, na kuirekebisha ni gharama. Mikwaruzo isikutishe, kinachofaa kukutisha ni vanishi mpya. Ukishalipata, liweke mbali na jua na jiko, na ulipige! Gitaa si picha ya ukutani.

La babu ningali nalo. Linang'aa, lakini limenyamaza. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe, msomaji, ndiye mimi.

Tukutane Jumapili ijayo.